Maswali yenu ya mwezi: dawa, ndege, kazi, na huyu Trump mpya

Kawaida sanduku letu linajaa mambo ya mahari, mwenye nyumba aliyekata umeme, mtoto anayekataa boding. Mwezi huu hapana. Tangu Trump aapishwe tarehe 20 Januari 2025 meseji ni Marekani, Marekani tu, kuna mtu kaniandikia saa nane ya usiku, mwingine katuma voisi ya dakika kumi na moja analia. Nimechagua hizi chache, majina nimetoa. Leo ninapoandika ni katikati ya Machi 2025 na mambo yanabadilika kila wiki, kwa hiyo ukisoma hili gazeti mwezi wa sita umelikuta limefungia mandazi, angalia tarehe kwanza.

"Dada nakusalimia. Niko mama wa watoto 4, tuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu 2013. Kesi yetu ya Amerika ilianza 2018, tukamaliza intavyu zote na medikali, tukapewa tarehe ya ndege mwanzo wa mwezi wa pili. Niliuza mbuzi, magodoro, hata sufuria kubwa, shamba nikaachia jirani. Alafu wakatuambia ndege hakuna. Saa hii kuna bwana mmoja anasema nikimtumia laki 6 kwa mobail mani atarudisha faili yetu mbele juu ana mtu ndani ya ofisi. Niuze nini tena?"

Mama, pole sana. Ya laki sita tuimalize kwanza: usitume hata mia. Hiyo faili haijakwama mezani kwa mtu wa Kampala wala Nairobi ambaye akipewa chai ataisukuma. Ilisimamishwa na amri aliyosaini rais wa Marekani siku ileile ya kuapishwa, kwamba kupokea wakimbizi kusimame kuanzia 27 Januari, na kila siku 90 waziri wao wa usalama wa ndani ampelekee ripoti kama ni sawa kufungua tena. Watu zaidi ya elfu 10 waliokuwa tayari na tiketi duniani kote walifutiwa ndege. Sasa niambie huyo bwana wa laki sita ana mjomba gani wa kumpita rais. Na hata wakati mlango ulikuwa wazi, HCR na IOM, yale mashirika ya UN ya wakimbizi na ya uhamiaji, hawachukui pesa ya mkimbizi kwa resetolmenti, yani kuhamishiwa nchi nyingine, hakuna fomu ya kulipia, hakuna "fasiliteshoni". Namba yake ya simu iweke, piga skrini shoti ya hizo meseji, peleka polisi au kwa OPM, ofisi ya waziri mkuu, pale Base Camp, juu wewe si wa kwanza kuandikiwa, wewe ni wa tatu kuniuliza.

Najua kinachouma zaidi. Watu wenu wa Kongo ndo walikuwa wengi kwenye hizo ndege, mwaka wa bajeti wa Marekani ulioisha Septemba 2024 walipokea wakimbizi elfu 100 na kidogo, na Wakongo peke yao karibu elfu 20, hakuna nchi iliyowapita. Alafu hiyo tarehe 27 Januari mlango ulipofungwa, ndo siku waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo mbele hapafunguki na nyuma hapaendeki. Na mwezi wa pili wakasaini amri nyingine, eti Wazungu Maburu wa Afrika Kusini wapewe nafasi kama wakimbizi. Nilisoma nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo.

Mwezi uliopita nilikuwa huko Nakivale kwa matanga, nikapitia nyumba moja iliyo na hadithi kama yako. Masanduku mawili yamefungwa kamba, jina limeandikwa kwa maka nyeusi, yako palepale katikati ya nyumba watu wanayaruka usiku wakienda kukojoa. Hawataki kuyafungua. Mtoto wa miaka sita kavaa viatu vya safari, vile vyeupe vya kuwaka taa, anaenda navyo kuchota maji maana vile vya zamani aligawia mwenzake.

Sasa mambo ya kufanya. Jaji mmoja wa Seattle tarehe 25 Februari alisema huo usimamishaji haufai, lakini kesho yake serikali ikakata mikataba ya mashirika yanayopokea wakimbizi kule, kwa hiyo usipange maisha kwa kumsubiri jaji. Rudi kwa OPM uhakikishe familia yote bado iko kwenye listi, kuna watu walioandikwa kama wameshasafiri na chakula kikakatwa. Watoto warudi shule wiki hii. Kwa jirani nenda na mwenyekiti wa kijiji, ongea taratibu, sema shamba lilikuwa la kuachia sababu ya safari na safari haikutokea, mkubaliane avune alichopanda alafu akurudishie. Line yako ya simu usiibadilishe, ndo wanayo kwenye kesi, na mtoto akizaliwa au mtu akiolewa sema ofisini haraka. Medikali mliyofanya ina muda wake, itaisha, siku wakifungua mtarudia bila kulipa, kwa hiyo akija mtu kukuuzia "medikali mpya" na huyo ni mwizi.

Yale masanduku, mama, yafungue. Mtoe mablanketi.

"Mimi ni mwanaume miaka 34, naendesha boda huku Bwaise, Kampala. Niko kwa dawa miaka tisa. Kliniki yangu ilikuwa ya mradi, nilikuta kufuli na kaunsela wetu hapokei simu. Nimebaki na vidonge 41. Nimeanza kumeza siku moja naruka siku moja ili vifike mbali. Nafanya vizuri?"

Kaka, hapana, acha leo. Najua umepiga hesabu yako ukaona 41 inakuwa 82, lakini hiyo dawa ya ukimwi haifanyi kazi kama petroli ya boda, kwamba ukienda polepole inafika mbali. Hicho kidonge kimoja cha siku kina dawa tatu ndani, na kazi yake ni kukaa kwenye damu kila siku kwa kiwango kilekile. Ukiruka kinapungua, virusi vinaamka, na vikiamka wakati dawa iko kidogo ndo vinajifunza kuizoea. Ukishafika hapo utahamishiwa dawa nyingine ngumu kupata. Afadhali mtu ameze kimoja kila siku mpaka hivyo 41 viishe, na hizo wiki sita atafute mahali pengine, kuliko kukaa miezi mitatu nusu nusu. Kukata kidonge katikati pia hapana, hilo nimeulizwa na wengine wanne.

Wacha nieleze kilichotokea maana watu wanachanganya. Amri ya 20 Januari ilisema misaada ya nje isimame siku 90 waikague. Tarehe 24 ikaja barua kutoka ofisi ya waziri wao wa mambo ya nje, Marco Rubio, kwamba kazi zisimame mara moja, ndo hapo ulipokuta kufuli. Alafu kelele zikapigwa, na tarehe 1 Februari PEPFAR, ule mpango wa ukimwi ambao Bush mdogo aliuanzisha 2003, ukapewa ruhusa ya kuendelea na baadhi ya mambo: dawa za walio kwenye matibabu, kupima, kumkinga mtoto asiambukizwe na mama. Kwa hiyo matibabu kwenye karatasi hayakufutwa. Shida ni kwamba ruhusa haiji na gari. Yule kaunsela, yule dereva, yule dada wa kuingiza data walikuwa wamesharudishwa nyumbani, na pesa ya kuwarudisha haikuja. Na mambo kama dawa ya kujikinga kabla ya kuambukizwa waliruhusu kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu.

Sasa nenda kituo cha afya IV cha serikali kilicho karibu, beba kadi yako au hata chupa tupu yenye lebo, waambie umehama. Mwezi wa pili Wizara ya Afya ilitoa barua kwamba zile kliniki za peke yake za ukimwi na kifua kikuu ziingie kwenye OPD ya kawaida, pale wanapotibiwa wagonjwa wa nje wote, kwa hiyo usitafute tena jengo lenu la zamani, uliza OPD.

Wiki jana nilimsindikiza mtu wangu kituo kimoja hapa Kampala, sitakitaja. Ile kontena ya dawa ina kufuli, ratiba ya mwezi wa kwanza bado imebandikwa mlangoni, na mabenchi yao yameburutwa mpaka OPD mtu anaona mistari kwenye vumbi. Nesi katoka akasema kwa sauti ya soko, "wa sukari, wa presha, na wale wa dawa zenu laini hii!" Banange, ile "zenu" ilivyoanguka. Mzee mmoja akainuka akaenda nje kama anapokea simu, hakurudi. Mtu wangu alikaa, akasubiri masaa manne na nusu, akatoka na dawa za mwezi mmoja, zamani alikuwa anapewa za miezi mitatu. Akachomeka pamba ndani ya chupa ili isicheze cheze mfukoni kwenye matatu, mwenyewe utakuwa unajua hiyo mbinu. Lakini dawa alipata, nataka ushike hapo.

Nakuambia hivi ili ukifika ukakuta fujo usigeuze boda. Nenda asubuhi sana siku ambayo si Jumatatu. Na ukiwa na deni la hizo siku ulizoruka, mwambie klinisheni ukweli, hatakufunga, atakuandikia kipimo cha wingi wa virusi wakati ukifika. Kama una mwenza, mpaka hilo lijulikane tumieni kondomu.

"Eti Marekani wametoka WHO, na Ebola iko Kampala. Hiyo chanjo tutapata wapi?"

Dada, kutoka kwenyewe kwenye hilo shirika la afya la dunia ni mwaka mzima, walitoa notisi Januari 2025 kwa hiyo mpaka Januari 2026 bado kwenye karatasi wamo. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa hapa tarehe 30 Januari baada ya nesi wa hospitali ya Mulago kufariki, na siku nne tu baadaye, tarehe 3 Februari, majaribio ya chanjo yakaanza kwa waliokutana na wagonjwa, Makerere na Wizara na WHO wakiwa pamoja. Hilo tujipigie makofi jamani. Lakini bado ni majaribio, kwa waliomkaribia mgonjwa na waliowakaribia hao, kwa hiyo usipange laini ya chanjo kwa sababu umesikia homa mtaani. Osha mikono, usioshe maiti. Na ndiyo, ile klipu uliyonitumia ni ya kweli, Elon Musk, yule tajiri aliyepewa na Trump kazi ya kukata matumizi, alisema tarehe 26 Februari mbele ya mawaziri, kicheko kikisikika, kwamba walifuta kazi ya kuzuia Ebola kwa bahati mbaya alafu wakairudisha haraka. Sisi tuliokuwa tunapimwa joto mlangoni hatukucheka.

"Nimefanya kazi mradi mmoja huku Arua miaka 6, fild ofisa. Tuliambiwa tukae nyumbani siku 90, sasa naskia mradi umekufa kabisa. Nina mkopo wa SACCO, kodi ya nyumba, na ndugu zangu watatu nawasomesha. Nisubiri hizo siku 90?"

Usisubiri kaka. Tarehe 10 Machi Rubio mwenyewe alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lao la misaada, zimefutwa, mikataba kama 5,200. Hizo siku 90 zilikuwa za kukagua, kumbe wamekagua kwa wiki sita. Kuna kesi mahakamani, Mahakama Kuu kabisa ya kule tarehe 5 Machi ilikataa kuizuia amri ya jaji kwamba serikali ilipe karibu dola bilioni 2, lakini hiyo ni ya kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo kama kuna mshahara wa Januari au safari za fildi ulizofanya hazijalipwa, dai kwa maandishi. Za mbele sahau.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Trump kufuta mkataba na mwajiri wako hakumfutii mwajiri sheria ya Uganda. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema ukifanya kazi zaidi ya miaka 5 lakini chini ya 10, notisi ni miezi miwili, au wakulipe badala yake. "Kaeni nyumbani" kwenye grupu la WhatsApp si barua. Omba barua, omba cheti cha kazi, na wakikuzungusha nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Ofisi yake kawaida iko nyuma kabisa ya jengo, ina faili mpaka dirishani, lakini kesi anapokea.

SACCO nenda kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Ukienda ukiwa hujakosa wewe ni mwanachama anayeomba kupangiwa upya, ukienda baada ya miezi mitatu wewe ni mdaiwa anayejificha, ni watu wawili tofauti ingawa shati ni lilelile. NSSF, ile akiba ya uzeeni, najua utaitazama kwa jicho, ila umri hukuniambia na sidhani umefika, ile ya katikati ni ukiwa na miaka 45 na umechangia miaka 10, na ya kukosa kazi ni ukiwa 50 na umekaa mwaka bila ajira.

Binamu yangu yuko hali hiyohiyo. Wiki mbili alivaa kila asubuhi, shati limepigwa pasi, kamba ya ID shingoni, anatoka saa moja, anakaa kwenye gari la rafiki yake mpaka jioni. Mke aligundua kwa sababu laptopu ilibaki ofisini lakini begi bado analibeba. Ndugu zako watatu waambie leo, wakubwa kati yao wana akili ya kukusaidia kuliko unavyodhani.

"Mimi ni mzee, nilistaafu jeshini, Kiswahili nilijifunzia huko. Nauliza: kwa nini mnalia? Pesa ni zao. Miaka yote hii tunakula kwa mkono wa mtu, akiurudisha mkono wake tunasema ametuua?"

Shikamoo mzee. Nusu ya barua yako nimeikubali, na nimeisoma kwa sauti hapa ofisini watu wakanyamaza. USAID ilianzishwa na Kennedy 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, yani huyu mgeni alifika kabla hata hatujapaka nyumba rangi. Mwaka 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Uganda bado tuko mbali na hiyo, na magari ya wakubwa sijaona yakipungua. Na aibu zaidi ni kwamba kiwanda cha ARV, hizo dawa za ukimwi, tunacho, kiko Luzira hapohapo tangu 2007, si kwamba tungehitaji kuvumbua kitu.

Nusu nyingine mzee nakataa. Wewe ulikuwa jeshini, unajua mtu akitaka kuondoka kwenye nafasi anakabidhi, anasubiri mwenzake aingie ndo atoke. Hakuna aliyetuambia jiandaeni miaka mitatu. Ilikuwa Ijumaa, Jumatatu kufuli. Anayelia si waziri aliyezembea bajeti, ni yule wa boda hapo juu mwenye vidonge 41, na tuna karibu milioni moja na nusu wanaoishi na virusi nchi hii. Kwa hiyo sisi tulie, na wewe uendelee kugomba, ila barua ya pili muandikie mbunge wako, mimi nina ukurasa mmoja tu.

"Dada yangu anasoma Texas kwa viza ya shule, atajifungua mwezi wa tano. Naskia mtoto hatakuwa Mmarekani?"

Trump alisaini amri hiyo kweli, ikilenga watoto watakaozaliwa baada ya 19 Februari 2025 kama mama yuko kwa viza ya muda na baba si raia wala hana grin kadi. Lakini katiba yao tangu 1868 inasema anayezaliwa pale ni raia, na jaji wa Seattle aliisimamisha tarehe 23 Januari, siku tatu tu baada ya kusainiwa, na wengine wakafuata. Mpaka leo hii Machi 2025 ninapoandika haifanyi kazi. Dada yako asirudi nyumbani na tumbo la miezi saba kwa sababu ya TikTok, ahudhurie masomo asivunje viza, chuo kina ofisi ya wanafunzi wa nje, aende aulize huko na sio kwa mashemeji. Na mtoto kwa sheria yetu ni Mganda kwa damu, hilo Trump hana kalamu yake.

"Nina net tatu za mbu zimeandikwa USAID. Kuna kijana amepita kijijini anasema zinarudishwa, tukatae au tutoe?"

Huyo kijana anauza net, nyabo. Lala ndani yake.